BANDA LA NDAMA: CHAGUA VIFAA VISIVYO NA SUMU

Mkulima wa skimu akizaliwa ndama jike wa ng'ombe wa gredi, amepata mali kubwa. Ndama huyo akilelewa vizuri atakuwa mtamba, na mtamba atakuwa ng'ombe wa maziwa wa kulipa karo na madeni ya shamba. Akifa kabla ya kuachishwa maziwa, mkulima amepoteza miaka miwili au zaidi ya kungoja, na hawezi kuirudisha.

Wakulima wengi wanajua habari za kumpa ndama maziwa ya kwanza, kumpaka dawa kitovuni na kumkinga na kupe. Lakini wachache huuliza swali hili: banda lenyewe limejengwa kwa kitu gani? Mara nyingi banda la ndama hujengwa kwa mabaki. Mbao zilizobaki, mlango wa nyumba ya zamani, nguzo kuukuu, mabati yaliyotoboka, pipa lililokwisha kazi. Kutumia mabaki si kosa, maana mkulima mwenye akili hatupi kitu. Kosa ni kutumia mabaki bila kujua yalitoka wapi.

NDAMA HUONJA NYUMBA YAKE

Kumbuka tabia ya ndama. Hana mikono ya kushikia kitu ili akijue. Yeye hushika kwa ulimi. Tangu siku zake za kwanza hulamba ukuta, huguguna mbao, hunyonya kamba, na hutafuna kila kinachoning'inia. Akikosa chumvi au nyasi za kutafuna huzidi kulamba. Tena akifungiwa peke yake mchana kutwa, kazi yake ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo kila kitu kilicho ndani ya banda, kuanzia sakafuni hadi mahali ulimi wake unapofika, kihesabu kuwa ni chakula chake. Usipigilie ubao wowote mahali hapo kama hungekubali ndama aule. Kabla ya kuutumia, jiulize maswali matatu:

Kwanza, kitu hiki kilikuwa wapi na kilifanya kazi gani?

Pili, kimepakwa au kumwagiwa nini?

Tatu, ndama akikilamba kila siku kwa miezi mitatu, itakuwaje?

Ukikosa jibu la swali moja katika hayo, kiweke kando ukitafute kingine.

RANGI ZA ZAMANI NA MADINI YA RISASI

Sumu inayoua ndama wengi kwa njia hii ni madini ya risasi. Zamani risasi ilitiwa katika rangi za mbao, milango, madirisha na mabati, ili rangi ishike vizuri na kukauka upesi. Skimu nyingi zilikatwa katika mashamba makubwa ya walowezi kuanzia mwaka 1962, na nyumba, mazizi na ghala za mashamba yale zilipakwa rangi za siku zile. Baadhi ya mbao hizo bado zipo. Mlango mzuri wa mbao nzito, wenye rangi ya kijani au nyeupe inayobanduka, humvutia mkulima anayetafuta ukuta wa banda. Mlango huo usiutumie kwa ndama.

Vipande vya rangi iliyobanduka vina ladha tamu kidogo, na ndama huvipenda. Risasi ikiingia tumboni haitoki upesi. Ndama anayenyonya hupatwa upesi zaidi kuliko ng'ombe mzima, na kiasi kidogo tu chaweza kumwua.

Usijaribu kuikwangua rangi hiyo ili uutumie ubao. Vumbi lake huingia mwilini mwa mtu anayekwangua, na huwadhuru zaidi watoto wanaocheza karibu. Wala usiuchome jikoni. Mbao za namna hii zisitumiwe mahali penye mnyama, mtoto wala chakula.

Risasi imo pia ndani ya betri za magari. Betri kuukuu hutupwa nyuma ya banda, au hutumiwa kama jiwe la kuzuia mlango. Ikipasuka, ndama hulamba vibamba vyake kwa sababu vina chumvi-chumvi. Hii ni mojawapo ya njia zinazojulikana sana za ng'ombe kupata sumu ya risasi, katika nchi nyingi. Risasi haichagui kati ya mnyama na mtu: huko Owino Uhuru, Mombasa, watu wenyewe walidhuriwa na risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Kwa hiyo betri iliyokwisha kazi irudishe kwa mwuzaji wa betri, wala isikae katika uwanja wa mifugo hata siku moja.

DALILI ZA SUMU YA RISASI

Ndama aliyekula risasi huacha kunyonya. Huonekana kama kipofu: macho yake ni mazima lakini hugonga ukuta na ndoo. Husaga meno, masikio na kope humcheza, hutoa povu mdomoni, na pengine husukuma kichwa chake ukutani. Mwishowe huanguka na kutapatapa. Wengine hukutwa wamekufa asubuhi bila dalili kuonekana.

Ukiona mambo hayo, mwite daktari wa mifugo mara moja. Ipo dawa inayoweza kusaidia, lakini ikichelewa haifai kitu. Usitie mkono wako mdomoni mwa ndama huyo, kwa sababu kichaa cha mbwa nacho huwa na dalili zinazofanana na hizi, na kichaa hicho huua watu. Na akifa, msimle. Nyama yenye risasi ni sumu, hasa maini na figo.

OILI CHAFU

Adui mkubwa wa banda la mbao ni mchwa, na dawa ambayo wakulima wengi hutumia ni oili chafu ya gari au trekta. Hupaka nguzo zote kuanzia chini hadi juu, kisha huingiza ndama siku ya pili. Jambo hili halifai. Oili iliyokwisha tumika ndani ya injini imebeba vumbi la madini yaliyosagika humo, pamoja na mabaki ya mafuta yaliyoungua. Zamani ilibeba risasi nyingi sana, kwa sababu petroli yenyewe ilitiwa risasi. Petroli ya namna hiyo ilikwisha kuachwa nchini Kenya kufikia mwaka 2006, lakini oili chafu ya leo bado si kitu cha kulambwa na ndama. Tena nguzo iliyopakwa oili hiyo miaka mingi iliyopita bado ina sumu yake ya zamani.

Basi tutawashindaje mchwa? Ziko njia nne za salama.

1. Tumia mti ambao mchwa hawaupendi. Nguzo ya mtarakwa, hasa ile sehemu nyekundu ya katikati, hukaa ardhini miaka mingi bila dawa yoyote. Ni ghali kuliko nguzo nyingine, lakini banda moja lahitaji nguzo chache tu. Nunua kwa mtu mwenye kibali cha kuuza miti.

2. Kama una muwati au mkalitusi tu, kausha nguzo kwanza, kisha choma sehemu itakayozikwa ardhini mpaka iwe nyeusi pande zote, na upite inchi 6 juu ya usawa wa ardhi. Makaa hayo huwachelewesha mchwa na kuoza.

3. Simamisha nguzo juu ya jiwe au katika saruji, isiguse udongo.

4. Inua sakafu ya banda ili uweze kuona chini yake. Mchwa hujenga njia za udongo juu ya nguzo. Zikionekana, zibomoe kila juma.

NGUZO ZILIZOTIWA DAWA KIWANDANI

Nguzo za stima na nguzo nyingi za ua zinazouzwa madukani zimetiwa dawa kiwandani. Ziko za namna mbili. Nyeusi zenye harufu kali kama lami zimetiwa kreosoti. Zenye rangi ya kijani hafifu zimetiwa dawa yenye shaba na arseniki. Zote mbili ni nzuri kwa ua wa shamba, lakini si kwa ukuta wa banda la ndama. Kreosoti huchoma ngozi na ulimi, na arseniki kila mtu anajua kuwa ni sumu.

Ukiwa nazo, zitumie nje, kwa kushikilia paa, mahali ambapo ulimi wa ndama haufiki. Vipande vinavyobaki usichome. Mti wa kijani ukichomwa, arseniki hubaki katika majivu, na majivu yana ladha ya chumvi ambayo ng'ombe hupenda sana. Ng'ombe wazima wamekufa kwa kulamba majivu ya nguzo hizo. Unga wa mbao na maranda yaliyotoka katika mti uliotiwa dawa pia yasitandikwe bandani.

Vivyo hivyo, angalieni habari ya majosho ya kale. Kabla ya dawa mpya zilizokuja baada ya Vita Kuu ya Pili, ng'ombe waliogeshwa katika maji ya arseniki. Arseniki haiozi wala haiishi nguvu kwa kupita miaka. Kama shamba lako lina josho la zamani lisilotumika, usichukue mbao zake, mawe yake wala udongo wake kujengea banda, na usijenge banda hapo kando yake.

MAPIPA, MITUNGI NA MAGUNIA

Pipa au mtungi wa plastiki uliokuwa na dawa ya kupe, dawa ya magugu au dawa ya wadudu usiwe ndoo ya maziwa, usiwe birika la maji, wala usikatwe kuwa ukuta. Hata ukiosha mara tatu, plastiki hunywa dawa na kuitoa polepole. Mtungi wa namna hiyo uoshe mara tatu, utoboe ili mtu mwingine asiutumie, kisha umwulize Afisa wa Kilimo mahali pa kuupeleka.

Gunia la mbolea ya CAN au yurea usilitundike kuwa pazia la kuzuia upepo. Mbolea iliyobaki katika mshono ni chumvi kwa ulimi wa ndama, na ni sumu katika damu yake. Kama wahitaji pazia, tumia gunia la katani lililokuwa na nafaka ambayo haikupakwa dawa, ulifunge upande wa nje. Magunia ya mbegu zilizopakwa dawa yana hatari ile ile. Kamba za nailoni na karatasi za plastiki zisining'inie ndani, maana ndama huzimeza, nazo haziyeyuki tumboni kamwe.

MISUMARI NA WAYA

Chuma hakina sumu, lakini kinatoboa. Ng'ombe akimeza msumari au kipande cha waya, hukaa katika tumbo lake la pili, ambalo liko karibu sana na moyo. Baadaye, pengine ng'ombe akiwa na mimba kubwa, waya huo husukumwa mpaka ukatoboa tumbo na kuuchoma moyo. Mkulima huona ng'ombe mzima akikonda na kufa, wala hajui kuwa waya ule aliuangusha mwenyewe siku ya kujenga banda.

Kwa hiyo hesabu misumari yako. Siku ya kumaliza kazi, fagia mahali pote, uokote kila kipande. Ncha zilizotokeza zipinde na kuzigonga hadi zizame ndani ya ubao. Usitumie seng'enge ndani ya banda. Huchana macho na ngozi. Mabati yanayofika chini yakunjwe kingo zake au yafunikwe kwa ubao.

Pia mabati kuukuu yenye rangi yaogopwe kama mbao zenye rangi. Na yale mabamba ya kijivu ya asbesto yaliyotolewa katika majengo ya zamani yasitumiwe kabisa, wala kukatwa kwa msumeno. Vumbi lake huingia mapafuni mwa mtu na kuleta ugonjwa usiopona, hata baada ya miaka mingi. Sheria ya Kenya huyahesabu kuwa taka ya hatari, na yana utaratibu wake wa kuondolewa.

SAKAFU NA MATANDIKO

Sasa tuangalie vifaa vilivyo vyema. Banda la ndama mmoja linatosha likiwa na urefu wa futi 5 na upana wa futi 4, yaani mita 1.5 kwa 1.2. Kila ndama awe na chumba chake mpaka atimize miezi mitatu hivi, ili wasinyonyane masikio na vitovu, na ugonjwa wa mmoja usiwe wa wote.

Sakafu iliyo bora ni ya fito za mbao, iliyoinuliwa futi 1 au 1 na nusu juu ya ardhi, ili mkojo upite na hewa ikauke chini. Tumia mbao mpya za saipresi au mkalitusi ambazo hazikutiwa dawa. Fito ziwe na upana wa inchi 2 na pande nne zilizonyooka, na kati ya fito na fito acha robo tatu ya inchi. Pengo likizidi hapo, kwato ndogo itanasa na mguu utavunjika. Likipungua, mavi hayatapita. Kwa banda la futi 5 utahitaji fito 22, kila moja futi 4, juu ya mihimili mitatu: mmoja kila upande na mmoja katikati. Miti ya mviringo isitumiwe sakafuni, kwa sababu ndama huteleza na magoti huvimba.

Juu ya fito tandika nyasi kavu, majani makavu ya ngano, au maranda makubwa ya mbao safi. Unga laini wa mbao haufai. Huingia puani na ndama huumeza pamoja na maziwa. Mabua ya mahindi yenye ukungu yasitandikwe hata kama ni mengi, kwani ndama atayala, na ukungu una sumu yake. Badilisha matandiko kila yanapolowa. Ili kujua kama banda ni safi, chuchumaa ndani mpaka pua yako iwe sawa na pua ya ndama, uvute pumzi. Kama macho yanawasha, mapafu yake yanaumia kuliko yako.

KUTA, PAA NA UA

Ukuta wa upande upepo unakotoka uzibwe kabisa kwa mabanzi. Upande wa mbele uwe wa fito zenye nafasi ya inchi 4, ili hewa ipite na kichwa kisipite. Magome ya mabanzi yaondolewe, maana huficha kupe na wadudu. Usizibe pande zote kwa plastiki; banda lisilo na hewa huleta kichomi.

Kama wataka kuta nyeupe, paka chokaa. Chokaa ni rahisi, huua vijidudu, na ikikauka haina sumu ya rangi. Ingojee ikauke kabisa kabla ya kumrudisha ndama, kwa maana mbichi huchoma. Ukitaka rangi kwa mlango wa nje, soma maandishi ya mkebe na ununue ile iliyoandikwa kuwa haina risasi.

Paa la mabati ni zuri, ila lisiwe chini sana. Lipandishe hadi futi 7 upande wa mbele, na ulielekeze nyuma ili maji ya mvua yasimwagike mlangoni. Mwisho, angalia ua ulio karibu. Mnyaa una maziwa yanayochoma macho, na lantana, ile yenye maua ya rangi nyingi, huharibu maini ya ng'ombe. Ikate mpaka isifikiwe na ndama.

KABLA YA KUMWINGIZA NDAMA

Yapitie mambo haya ukiwa umesimama mlangoni:

Hakuna rangi ya zamani mahali ulimi unapofika.
Hakuna oili chafu, kreosoti wala mti wa kijani ndani.
Hakuna betri, mtungi wa dawa au gunia la mbolea karibu.
Ndoo ya maziwa na ya maji ni za kazi hiyo tu.
Misumari yote imeokotwa, na ncha zimezama.
Sakafu ni kavu, na fito hazinasi kwato.
Jiwe la chumvi na nyasi laini viko tayari, ili asitafute chumvi ukutani.

Kama banda lako limekwisha jengwa, usilibomoe lote. Anza kwa ule ubao mmoja unaoutilia shaka, uutoe leo, na uweke banzi safi mahali pake. Kesho toa wa pili. Na kama kuna nguzo au mbao usiyoweza kujua habari zake, mwonyeshe Afisa wa Mifugo wa wadi yako kabla ndama hajaionja.